Kwa nini waya wa kufungia nondo hauwezi kuwa springi

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, ujenzi haujapoa na maseremala wana kazi. Ukipita karakana zao, angalia ule msumeno wa umeme wa duara wa kushika mkononi. Chini ya bledi kuna kinga, wengine huiita kava. Inasukumwa na mbao na kufunguka wakati wa kukata, halafu springi ndogo inairudisha. Springi hiyo ikikatika, kuna fundi atakayeifunga kinga juu kwa waya, na kuna atakayekunja waya wa kufungia nondo uwe springi mpya. Kazi inaendelea, lakini kinga hairudi tena.

Hebu tupige hesabu. Bledi ya milimita 185 ina mzingo wa sentimita 58 hivi. Ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, meno yake yanakwenda mita 48 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 174 kwa saa. Na ukiachia swichi, misumeno mingi haisimami papo hapo. Bledi huendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa. Ndizo sekunde ambazo fundi anaushusha msumeno pembeni ya paja lake.

Sasa, kwa nini waya ule unashindwa? Mwaka 1678 Robert Hooke alieleza kuwa springi huvuta kwa nguvu inayolingana na urefu ilioongezeka: ukiivuta mara mbili zaidi, nayo inavuta mara mbili zaidi. Lakini kuna kikomo. Ukikipita, chuma hakirudi tena kilipokuwa.

Jambo linaloshangaza ni hili: kabla ya kikomo, waya wa nondo na waya wa springi vina ukakamavu karibu sawa, kwa kuwa vyote ni chuma. Tofauti ni mahali kikomo kilipo. Waya wa nondo una kaboni kidogo na umelainishwa kwa moto makusudi, ili ukiupinda ubaki umepinda. Waya wa springi una kaboni nyingi zaidi na umekazwa kiwandani, hivyo unastahimili mkazo mkubwa mara kadhaa na bado unarudi. Kwa sababu hiyo hiyo, usiipashe springi moto ili kukunja ndoano mpya. Moto mkali unafuta ule ukazaji.

Vipi kuikata sehemu iliyovunjika na kuvuta iliyobaki? Springi ya mizunguko 20 ikibaki na 15 inakuwa ngumu kwa theluthi moja zaidi, halafu kila mzunguko unalazimika kunyooka zaidi ili kufika umbali ule ule. Mkazo unaongezeka, nayo inachoka mapema. Fundi anayekata mara 200 kwa siku anaivuta springi mara 60,000 katika siku 300 za kazi. Ufa mdogo huanzia kwenye kona ya ndoano, na hapo ndipo inapokatikia.

Basi, ukarabati wenyewe. Chomoa waya wa umeme au betri kwanza, kisha toa bledi. Safisha egemeo la kinga, maana vumbi la mbao lililochanganyika na utomvu linaweza kuikwamisha kinga hata kama springi ni nzima. Usimwagie mafuta mazito, yatakusanya vumbi zaidi. Pima springi ya zamani: unene wa waya, upana wa mzunguko, idadi ya mizunguko, na urefu ikiwa haijavutwa. Ukikosa ya modeli yako, tafuta inayolingana kwa vipimo vyote vinne. Ivae miwani unapoivuta kwa plaizi, kwani ikichomoka inaruka.

Mwisho, ijaribu kabla ya kurudisha umeme. Fungua kinga mpaka mwisho, achia. Rudia msumeno ukiwa wima, ukiwa ubavuni, ukiwa kichwa chini. Kila mara ijifunge yenyewe, haraka, hadi mwisho. Ikisita mara moja tu, bado hujamaliza.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka sehemu hatari za mashine ziwe na kinga. Ila kinga isiyojifunga ni pambo tu, na paja halina vipuri.