Ulimi ukiwaka moto bila kidonda

Je, msomaji, umewahi kumsikia nyanya, mama au shangazi akilalamika kwamba ulimi unamchoma kana kwamba amelamba pilipili, ilhali hajaionja? Ukimtazama kinywani huoni kidonda wala uvimbe. Asubuhi ana nafuu, lakini kufikia jioni hata kuongea ni taabu. Chai haina ladha, mate yanakauka na mdomo una uchungu kama wa chuma.

Watu wa nyumbani wana maelezo yao. Kuna watakaosema anajidekeza. Kuna watakaonong'ona kwamba ni chira, yaani amevunja mwiko. Mwingine atampeleka kung'olewa jino, kisha la pili, na moto usizimike. Usimcheke mgonjwa huyu. Maumivu yake ni ya kweli, na madaktari wanayajua kwa jina la ugonjwa wa kinywa kuwaka moto.

Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, hasa waliokwisha kukoma hedhi. Daktari hulitaja jina hilo pale maumivu yanapodumu zaidi ya saa 2 kila siku kwa muda unaopita miezi 3, na baada ya kutafuta sababu nyingine zote asizione. Hapo ndipo penye siri ya matibabu: kabla ya kuuliza dawa, uliza chanzo.

Anza na yanayoonekana

Ikiwa jamaa yako anaishi Homa Bay au Migori, jambo la kwanza la kuchunguza ni ukungu wa kinywa. Huu ni utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, ingawa wakati mwingine ulimi huwa mwekundu tu. Huwapata watoto wachanga, wavaaji wa meno ya bandia, wenye kisukari na waliotumia viuavijasumu kwa muda mrefu. Aidha, ni mojawapo ya dalili za mapema za kinga ya mwili iliyodhoofishwa na virusi vya ukimwi.

Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2018, karibu mtu mzima 1 kati ya 5 katika Kaunti ya Homa Bay alikuwa na virusi hivyo, na Migori ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoathirika zaidi. Lakini Homa Bay pia ina sifa nyingine. Ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza katika hospitali za umma nchini ambapo wagonjwa walianza kupewa dawa za kupunguza makali bila malipo, pale shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipoanza kazi hiyo mwaka wa 2001. Kwa hivyo mwenye ukungu usioisha asione haya kupimwa. Ukungu wenyewe hutibiwa kwa nistatini ya kudondosha kinywani, au kwa vidonge vya flukonazoli.

Upungufu wa damu

Chanzo cha pili ni damu iliyopungua. Mwili ukikosa madini ya chuma, foliki au vitamini B12, ulimi huwa laini, mwekundu na wenye kuchoma. Pembezoni mwa Ziwa Victoria malaria bado ni tele, na kwa watoto na akina mama wajawazito huimaliza damu upesi. Minyoo ya safura nayo hainywi maji, hunywa damu. Kipimo cha damu ni jambo rahisi, na mgonjwa akipewa kinachokosekana, mara nyingi moto hupoa.

Chakula cha huko huko kina msaada mkubwa. Omena ina chuma na vitamini B12, na mboga kama osuga, ambayo wengine huiita managu, huongeza foliki. Huko Migori, ambako tumbaku imelimwa kwa miaka mingi, mashirika ya Umoja wa Mataifa na serikali yalianza mwaka wa 2022 mradi wa kuwasaidia wakulima kuiacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye chuma kwa wingi. Hapo kinywa kinapata faida mbili: moshi unapungua na damu inaongezeka. Ila chai isinywewe pamoja na chakula, maana huzuia chuma kuingia mwilini. Ingoje saa moja.

Dawa, machimbo na mswaki

Chunguza pia dawa anazomeza mgonjwa. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama enalaprili, huweza kuleta hali hii. Metformini ya kisukari, ikitumiwa kwa miaka, hupunguza vitamini B12. Hata hivyo, asiache dawa yoyote kwa hiari yake. Amweleze daktari, naye atambadilishia.

Na kama jamaa yako ni mchimbaji wa dhahabu kule Macalder, mwulize kuhusu zebaki. Mvuke wake, inapochomwa ili dhahabu ibaki, huvimbisha ufizi, huleta ladha ya chuma na kuwafanya watu watetemeke mikono.

Wakati mwingine mkosaji ni dawa ya meno yenye povu jingi au mnanaa mkali, meno ya bandia yasiyokaa sawa, au asidi ya tumbo inayopanda usiku.

Yote yakikosekana

Ikiwa vipimo vyote ni safi, basi hitilafu imo katika neva za kinywa zenyewe. Hakuna dawa moja inayoponya kila mtu, lakini zipo za kutuliza. Daktari anaweza kumwandikia klonazepamu, ambayo mgonjwa huimumunya kwa dakika chache kisha huitema. Hii hulevya na huzoesha mwili, kwa hivyo isinunuliwe kichochoroni. Wengine hupewa amitriptilini kidogo wakati wa kulala, au gabapentini. Asidi ya alfa-lipoiki imewafaa baadhi, wengine haikuwasaidia. Mazungumzo na mshauri husaidia pia, si kwa sababu mgonjwa ana wazimu, bali kwa sababu wasiwasi na kukosa usingizi huchochea makaa.

Nyumbani, anywe maji baridi kidogo kidogo, atafune chingamu isiyo na sukari, aepuke pilipili, ndimu, pombe, sigara na dawa za kusukutua zenye spiriti.

Lakini kidonda kisichopona kwa wiki 2, doa jeupe au jekundu lisilofutika, uvimbe, ganzi au shida ya kumeza si mambo ya kungojea. Hizo zaweza kuwa dalili za saratani. Mpeleke katika hospitali ya rufaa ya kaunti mara moja.

Ukienda mashambani likizo hii, usimletee nyanya sukari na mkate tu. Mwulize kinywa chake kikoje, kisha mwandamane hospitalini na orodha ya dawa zake mkononi. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.