Kware na kuku wasilale banda moja

KWARE na kuku ni ndege wa ukoo mmoja, lakini anayewafuga katika banda moja anauchezea mtaji wake. Hapa Juba wapo ndugu zetu waliorudi kutoka Uganda na Kenya na ujuzi wa kufuga kware. Sasa wanawachanganya na kuku ili kuokoa gharama za banda na mafuta ya jenereta.

Tatizo huanzia kwenye mashine ya kutotolesha. Yai la kuku huchukua siku 21, la kware 17 au 18. Joto ni karibu lile lile, nyuzi 37.5, ndiyo maana watu hushawishika. Mayai yote yakiingia siku moja, kware huanguliwa wakati ya kuku yamebakiza siku tatu za mwisho, ambazo mashine haitakiwi kufunguliwa. Ukifungua, unyevu hutoka na kifaranga cha kuku hukaukia ndani ya ganda. Mwenye mashine moja aweke mayai ya kware siku tatu au nne baada ya yale ya kuku.

Wakishatoka, watenganishwe. Kifaranga cha kware kina uzito wa gramu saba au nane, cha kuku karibu 40. Mdogo hukanyagwa, tena huzama hata katika kisahani cha maji kisichotiwa changarawe.

Hatari kubwa zaidi ni maradhi. Kware anaweza kubeba virusi vya kideri bila dalili za wazi, huku kuku wasiochanjwa wakifa banda zima. Nao ugonjwa wa vidonda vya utumbo, unaoua kware haraka, huwapata kuku pia kupitia kinyesi. Mama mmoja jirani yangu huko Gudele aliniuliza, “Mwalimu, mbona kware wangu wazima na kuku wanakwisha?” Nilimjibu kwamba uzima wa kware si ushahidi kuwa hana ugonjwa.

Hong Kong walilijua hilo. Baada ya homa ya mafua ya ndege ya mwaka 1997, kware walitenganishwa na kuku sokoni, na mwaka 2002 wakapigwa marufuku kuuzwa hai. Nasi hatuko mbali na balaa hilo: virusi vya H5N1 vilithibitishwa kwa kuku hapa Juba mwaka 2006. Mwaka 2017 homa hiyo ilipozuka Uganda, Kenya ilizuia kuku kutoka huko. Mfanyabiashara wa mpakani ajue kwamba ugonjwa ukizuka, soko hufungwa hata kwa mwenye ndege wazima.

Yapo pia ya bei. Kenya, mwaka 2013, watu waliuza hadi ng'ombe ili wanunue kware, na yai likafika shilingi 100. Mwaka 2014 bei iliporomoka, wengi wakabaki na ndege wasio na wanunuzi. Aliyeua kuku wake kwa ajili ya kware angebaki mikono mitupu.

Kwa hiyo, banda la kware liwe mbali na la kuku, na kila moja liwe na viatu na vyombo vyake. Hudumia kuku kwanza, kisha kware. Chanja kuku dhidi ya kideri. Ndege walionunuliwa Nimule au Konyo Konyo wakae peke yao wiki mbili au zaidi kabla ya kuungana na wenzao. Wakianza kufa, usiwauze. Mwite daktari wa mifugo.