Gidamu Iliyokatika: Usawiri wa Dada Mkubwa katika Filamu ya Meghe Dhaka Tara

Katika filamu ya Meghe Dhaka Tara (1960), iliyoongozwa na Ritwik Ghatak, Nita ni binti wa familia ya wakimbizi kutoka Bengali ya Mashariki, waliohamia viungani mwa Kolkata baada ya India kugawanywa mwaka 1947. Kipato cha baba hakitoshi, na kaka mkubwa, Shankar, anajifunza uimbaji bila kuingiza chochote. Mzigo wa wadogo unamwangukia Nita.

Mapema, gidamu ya ndara yake inakatika naye anaendelea na safari. Pesa anazolipwa kwa kufundisha zinafika nyumbani zikiwa na wenyewe tayari: Gita anataka sari, Mantu anataka viatu vya mpira. Hapa ndipo Ghatak anapoachana na desturi ya kumsifu ndugu anayejinyima. Jicho lake linawakazia wanaopokea. Baadaye Nita anaacha masomo ili aajiriwe, na Gita anaolewa na Sanat, mpenzi wa dada yake. Mama (ambaye usawiri wake ni mkali, pengine kupita kiasi) anaihofia ndoa ya Nita kwa kuwa mshahara ungeondoka naye.

Akiugua kifua kikuu katika milima ya Shillong, Nita anamlilia Shankar kwamba alitaka kuishi. Kilio hicho kinaibatilisha tafsiri yoyote inayouchukulia ukimya wake kuwa ni ridhaa. Mwishoni, Shankar anamwona njiani msichana mwingine akikatikiwa na gidamu.