Jasho la Mkulima ni Mali

Yafaa tuijue hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania ya 1994, katika shauri la Akonaay. Baba na mwanawe, wakulima wa Bara, waliipinga sheria ya 1992 iliyofuta haki za ardhi za kimila vijijini bila ya fidia. Wakashinda. Mahakama ilisema haki hiyo ni mali, nayo Katiba yailinda. Na kazi iliyoiongezea ardhi thamani yastahili fidia ya haki.

Ardhi ya Visiwani ina sheria yake, lakini fundisho ni letu sote. Basi kila mwenye shamba atunze hati zake, ajue mipaka na hesabu ya mikarafuu yake, wala asingoje ugomvi.