Maji ya Bwawa na Nywele za Binti Yako

Likizo za shule zinapowadia, wazazi wengi huwapeleka watoto kujifunza kuogelea. Baada ya wiki chache, mama anapomsuka binti yake hukuta nywele zimekakamaa, zinabaki kwenye kitana na ncha zake zimepasuka. Wapo ambao kwa sababu hiyo humwachisha mtoto masomo ya kuogelea. Hakuna haja ya kufika huko, kwani chanzo cha tatizo kinajulikana na sehemu kubwa ya kinga yake i jikoni.

Klorini hutiwa majini ili kuua vijidudu vya maradhi, kikiwemo kile cha kipindupindu. Lakini ikifika kichwani, huondoa mafuta ya asili yanayolinda unywele, kisha hudhoofisha magamba madogo yanayoufunika. Unywele hupoteza unyevu, ukawa mkavu na mwepesi wa kukatika. Nywele zilizotiwa dawa ya kunyoosha au rangi huathirika zaidi, kwa kuwa zilikwisha kudhoofika.

Kinga huanza kabla ya kuingia bwawani. Lowesha nywele za mtoto kwa maji safi hadi zishibe. Unywele hunyonya maji mfano wa sifongo. Ukiwa umekwisha kushiba maji safi, hauna nafasi kubwa ya kupokea ya klorini. Kisha paka mafuta ya nazi, ambayo hupenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini yake. Zisuke mabutu na umvishe kofia ya kuogelea. Kofia haizuii maji yote, lakini hupunguza yanayoingia.

Mtoto aoge kabla ya kuingia majini. Ile harufu kali ya bwawa, ambayo wengi huidhani kuwa dalili ya usafi, hutokana na klorini kuchanganyika na jasho na mkojo.

Akitoka, suuza nywele papo hapo, usingoje kufika nyumbani. Tumia shampuu laini, kisha dawa ya kulainisha, na uchanue kwa kitana chenye meno mapana ukianzia kwenye ncha. Usifunge ushungi juu ya nywele mbichi zilizobanwa, kwani unywele uliolowa hukatika upesi. Ziache zikauke kwanza.

Maji ya bomba nayo huwa na klorini, ila kwa kawaida ni kidogo kuliko ya bwawani. Anayeona yanamkausha nywele anaweza kuyaacha kwenye ndoo wazi usiku kucha, sehemu ya klorini ikapotea hewani. Fanya hivyo kwa maji ya kuoshea nywele tu, si ya kunywa. Katika maji ya kunywa, klorini ni mlinzi wa familia.

Nywele zilizokatika huota tena. Mtoto asiyejua kuogelea, siku akitumbukia majini, huenda asipate nafasi ya pili.