Subira Yenye Mpango: Tokugawa Ieyasu na Mikakati ya Biashara

Wahenga walisema kuwa subira huvuta heri. Aghalabu methali hii hufasiriwa kama wito wa kukaa kitako hadi heri ije yenyewe. Historia ya Japani inatoa fasiri tofauti. Miongoni mwa viongozi wa kale wanaorejelewa sana na wafanyabiashara wa nchi hiyo ni Tokugawa Ieyasu (1543–1616). Makala haya yanaeleza kwa nini.

Ieyasu alikulia utekani mikononi mwa koo zilizouzidi nguvu ukoo wake. Mnamo 1573 alishindwa vibaya na Takeda Shingen vitani Mikatagahara, akanusurika chupuchupu. Mwaka wa 1590 mtawala Toyotomi Hideyoshi alimwondoa katika ardhi ya mababu zake na kumpa eneo la Kanto. Badala ya kuasi, Ieyasu alihamia Edo, mji mdogo wa pwani, akaanza kuchimba mifereji na kupanua ngome. Hideyoshi alipoivamia Korea kati ya 1592 na 1598, majeshi ya Ieyasu hayakuvuka bahari. Hivyo basi, Hideyoshi alipofariki mwaka wa 1598, Ieyasu alikuwa na nguvu ambazo hazikuwa zimepunguzwa na vita hivyo. Alishinda Sekigahara mwaka wa 1600, na mwaka wa 1603 akawa shoguni, yaani mtawala mkuu wa kijeshi. Edo ndiyo Tokyo ya leo.

Fauka ya hayo, mwaka wa 1605 alimwachia mwanawe Hidetada cheo hicho, ingawa yeye mwenyewe aliendelea kuwa na kauli ya mwisho. Wapinzani walitambua kuwa mamlaka yale yalikuwa ya ukoo, si ya mtu mmoja. Utawala huo ulidumu hadi 1867.

Riwaya ya Yamaoka Sohachi kuhusu Ieyasu, iliyoanza kuchapishwa magazetini mwaka wa 1950 na kufikia majuzuu 26, ilisomwa na wakuu wengi wa makampuni kama kitabu cha uongozi. Mawazo ya kupanga kwa vizazi hayakuwa mageni katika biashara ya Kijapani. Mwaka wa 1932 Matsushita Konosuke, mwasisi wa kampuni iitwayo leo Panasonic, alitangaza mpango wa miaka 250, uliogawanywa katika vipindi kumi vya miaka 25. Mwaka wa 2010 Son Masayoshi wa SoftBank alitangaza dira ya miaka 300.

Hata hivyo, shujaa wa Son si Ieyasu, bali Sakamoto Ryoma, aliyesaidia kuunganisha koo za Satsuma na Choshu mwaka wa 1866 dhidi ya utawala wa Tokugawa. Utawala huo ulikuwa umezuia mabadiliko kwa muda mrefu, na meli za kivita za Marekani zilipowasili mwaka wa 1853 ulikosa jibu. Mpango uliowekwa ili kudumu ulikuwa umesahau kujirekebisha.

Kwa hivyo, funzo lina pande mbili. Anayepanga kwa muda mrefu hana budi kujenga anapongoja na kuandaa mrithi mapema. Lakini pia amwachie mrithi huyo uhuru wa kubadilisha njia. La sivyo, methali nyingine itamhusu: ngoja ngoja huumiza matumbo.