Likizo, Mpaka na Bibi Nyumbani

Baadhi yetu hapa seminarini tunatoka ng'ambo ya mpaka, na likizo ikikaribia swali ni lile lile: twende nyumbani au tubaki? Mwezi Mei 2020, Kenya ilipofunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa malori ya mizigo, serikali ilituamulia. Baadaye mpaka ulipitika kwa cheti cha kupimwa korona, na uamuzi ukaturudia wenyewe.

Wengi walidhani cheti kinamaliza hoja. Hakikumaliza. Kipimo kinatoa habari za siku ile tu. Aliyeambukizwa jana huenda kisimwone, na aliyepimwa asubuhi anaweza kuambukizwa jioni ndani ya basi. Dalili huweza kuchelewa hadi siku 14, na mtu huambukiza wengine hata kabla hajakohoa.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anahesabu kuona mbali na tahadhari kuwa sehemu za fadhila ya busara. Kwa hiyo tusijiulize tu kama tunaogopa, bali ni nani atakayebeba hatari. Sisi vijana huenda tukapona. Bibi mwenye kisukari, tutakayekula naye sinia moja, ndiye atakayeumia. (Naye hatakubali kusalimiwa kwa mbali, tunamjua.)

Mgonjwa asiye na wa kumuuguza ni jambo jingine. Hapo twende, tuvae barakoa, na tulale chumba cha peke yetu. Kama ni hamu tu ya nyumbani, tupige simu, na nauli tumtumie bibi ya dawa.